"Tutalitazama Jinja": kwa nini magari ya zamani ya Kijerumani yanachemsha njiani

Na Mwandishi Wetu, Wanyange

UKITOKA Iganga kwenda Jinja, ukishayapita mashamba ya miwa ya Kakira, unakiona kilima cha Wanyange na shule yake ya wasichana. Mjini ni karibu sana kutoka hapo. Ndipo gari tulilopanda lilipofuka moshi mweupe chini ya boneti, likakosa nguvu na kuzimika kando ya barabara, giza likiwa ndio linaingia.

Mwenye gari ni dada wa Mbale anayeuza viatu vya mtumba. Ameniomba nisilitaje jina lake, kwa sababu wapo wateja wa Jinja ambao bado wanamdai mzigo wa siku ile. Huvifuata viatu Gikomba, Nairobi, hupitia Nakuru na Eldoret, huvuka Malaba, na hushusha sehemu kubwa ya mzigo Jinja kabla ya kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa abiria tu, nikifuatilia habari za foleni ya mpakani. Gari lenyewe ni saluni ya Kijerumani ya mwaka 2003, injini ya silinda sita, viti vya ngozi, lililokuja kwa meli kutoka Japani. Nyuma kulikuwa na magunia mawili ya viatu na la tatu limekaa kwenye kiti kama abiria.

Dalili zote tulizipata mapema. Kwenye foleni ya Malaba kulikuwa na harufu tamu ndani ya gari, kama mtu amemwaga sharubati kwenye zulia. Bugiri, kijana wa kituo cha mafuta alituonyesha matone chini ya bampa na kutusaidia kuongeza maji. Yakaingia kama lita tatu. Mshale wa joto ulikuwa katikati, mahali pake pa siku zote. Tukaambiana: tutalitazama Jinja. Iganga tulisimama kununua roleksi, ile chapati ya kukunja na mayai, na hatukufungua boneti.

Fundi aliletwa na kijana wa boda boda. Mtu mzima, tochi kichwani, hakuwa na haraka. Alimwita mwenzangu nyabo, akamuuliza jambo moja tu: mshale ulipanda lini? Akajibiwa kwamba haukupanda kabisa hadi karibu na Kakira, kisha ukaruka mara moja hadi kwenye nyekundu, naye akakaza mwendo ili awahi mjini. Fundi akanyamaza. Hakugusa kifuniko cha maji. Alikaa juu ya dumu karibu saa nzima akingoja injini ipoe, kisha akatuonyesha kwa tochi ufa mwembamba kama unywele kwenye mshono wa tangi la akiba la maji, lile tangi la plastiki lililo kando ya rejeta.

Tangi hilo lingegharimu bei ya jozi chache za viatu vizuri. Hedi ya silinda, iliyopinda kati ya Kakira na Wanyange, imekula faida ya miezi miwili.

Plastiki ina umri wake

Wafanyabiashara wengi wa njia hii wana maoni mawili tu kuhusu magari ya Kijerumani. Wa kwanza husema ni chuma, hayafi. Wa pili husema ni ugonjwa wa moyo, usiyaguse. Nimewasikiliza mafundi wa pande zote mbili za mpaka, na ninaona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Injini nyingi za magari hayo ni imara kweli, hasa silinda sita za BMW na dizeli za zamani za Mercedes. Lakini kinachozipoza kimetengenezwa kwa sehemu kubwa kwa plastiki, na plastiki hiyo huzeeka kabla ya injini kuanza hata kuchoka.

Ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Ni nyepesi na rahisi kutengeneza, na ikiwa mpya inastahimili joto bila shida. Lakini kila safari huipasha na kuipoza, huku maji ya moto yakiila kwa ndani. Baada ya miaka inakuwa kama kijiti kikavu: inapasuka kwenye mshono, inakatika shingoni, au inabaki mkononi mwa fundi anapofungua mpira.

Kwenye BMW 3 Series ya E46, iliyotoka kati ya 1998 na 2006, orodha ni ile ile kila mahali: tangi la akiba, shingo za rejeta, nyumba ya themostati, kijiti cha kutolea hewa, na pampu ya maji. Baadhi ya pampu za vizazi vile zilikuwa na panga la plastiki ndani; likivunjika, mkanda unazunguka, pampu inazunguka, na maji hayaendi popote. E90 iliyofuata, yenye injini ya N52, ina pampu ya umeme. Haina mkanda wala haivuji kwa kukuonya. Inafanya kazi vizuri leo asubuhi, jioni imekufa. Anayeibadilisha anapaswa kubadilisha na themostati pamoja nayo, na bolti zake za alumini hazirudishwi mara ya pili.

Mercedes W124, lile umbo la miaka ya 1980 na 1990 ambalo bado linaheshimiwa kuanzia Mombasa hadi Kampala, lina mambo machache zaidi ya kuharibika. Hata hivyo shingo ya juu ya rejeta yake ni ya plastiki na hukatika, na kifaa kinachoishika feni huchoka hadi feni ikazunguka kivivu gari likiwa limesimama. Kwa W203 na W211 za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna hatari nyingine ya kimya. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo ya maji. Baadhi ya rejeta hizo zilipasuka kwa ndani, maji yenye dawa yakaingia kwenye giaboksi. Gari halichemshi, linaanza kutetemeka likibadilisha gia, na mwenye gari anauziwa giaboksi wakati ugonjwa ulikuwa rejeta.

Kwa Volkswagen na Audi za kipindi hicho, injini nyingi, kama 1.8 yenye tabo na 1.9 ya dizeli, zina pampu inayozungushwa na mkanda wa taimingi. Pampu ikikwama, mkanda unaruka na valvu zinagongana na pistoni. Ukimwona fundi anabadilisha mkanda peke yake na kuiacha pampu ya zamani ili kukupunguzia gharama, mzuie.

Timboroa na presha ya kifuniko

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ninaona halizungumzwi sana, nalo linatuhusu sisi wa njia ya kaskazini kuliko watu wa Hamburg au Tokyo.

Pwani ya Mombasa maji ya sufuria yanachemka kwa nyuzi 100. Kila ukipanda kama mita 300, kiwango hicho kinashuka kwa nyuzi moja. Jinja, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Timboroa, ambako barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret hupita juu ya mita 2,700, ni kama nyuzi 91.

Themostati ya injini ya BMW M54, ile ya E46, imepangiwa nyuzi 97. Injini ya N52 huachwa makusudi ipande hadi 112 inapotembea bila kukazwa, kwa sababu mafuta ya injini yakiwa mepesi petroli haitumiki sana. Piga hesabu mwenyewe. Gari likiwa zima kabisa, maji yake yana joto kuliko yale yanayotokota kwenye sufuria ya mama lishe wa Wanyange. Yanazuiwa yasichemke na vitu viwili: dawa, yaani kulanti, na presha inayoshikiliwa na kifuniko cha tangi. Kulanti huongeza nyuzi chache. Presha ndiyo inayobeba kazi kubwa, na kwa pamoja hukisogeza kiwango cha kuchemka zaidi ya nyuzi 120.

Kwa hiyo ufa mdogo haupotezi maji tu. Unapoteza presha, na presha ikiondoka maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke kwa mara moja. Ndiyo maana mshale wetu ulikaa katikati kutoka Malaba hadi Kakira kisha ukaruka.

Tena mshale wenyewe haupaswi kuaminiwa kama saa ya ukutani. Kwenye E46 kompyuta huushikilia katikati joto likiwa popote kati ya nyuzi 75 hivi na 115 hivi, ili dereva asihangaike na mabadiliko madogo. Ukisogea, tayari umechelewa. E90 haina kabisa mshale wa maji. Kuna taa ya onyo tu. Kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kutuma joto halisi kwenye simu si ghali, na kwa mtu anayebeba mali ya watu ninakiona cha lazima kuliko redio.

Themostati iliyotupwa

Hapa ndipo ninapogombana na baadhi ya mafundi wetu. Gari likichemsha mara moja, dawa ya kwanza katika gereji nyingi ni kuitoa themostati na kuitupa. Hoja yao ni kwamba chombo hicho ni cha nchi za baridi, na huku joto tunalo la kutosha.

Themostati haiko pale kwa ajili ya theluji. Kwenye injini nyingi za Kijerumani ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo inafunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Kwenye tambarare gari litaonekana zuri, pengine hata baridi kupita kiasi, likila mafuta na kuchakaza injini. Lipandishe mlima likiwa na magunia matatu, nusu ya maji yanapita mkato na gari linachemsha tena. Mwenye gari anarudi gereji, anaambiwa sasa tatizo ni rejeta.

Kuna na feni iliyoungwa moja kwa moja kwenye swichi ya gari, ili izunguke muda wote. Hilo ninalielewa kama njia ya kufika nyumbani. Kama matengenezo ya mwaka mzima, ni kuificha dalili tu, na siku waya huo utakapoungua hutajua hadi ufike foleni ya mpakani.

Na maji. Tunajaza ya bomba, ya kisima, wakati mwingine ya ziwa. Kwa dharura jaza chochote kilicho safi, injini ni ghali kuliko kanuni. Lakini maji matupu hayana kinga ya kutu, na yale yenye chokaa huacha ukoko ndani ya mirija myembamba ya rejeta. Kulanti nayo isichanganywe kwa kutazama rangi. Ile nyekundu ya Volkswagen ikikutana na ya kijani ya dukani inaweza kugeuka tope la kahawia linaloziba kila kitu. Mnunue aina moja, muichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri, muandike jina lake kwa kalamu kwenye tangi. Na baada ya kujaza, hewa itolewe. Hewa iliyonaswa karibu na hedi inachemsha gari lenye maji tele. E46 ina skrubu yake ya kutolea hewa kando ya kifuniko, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. E90 hutoa hewa kwa pampu yake ya umeme, na kazi hiyo huchukua dakika 12 ambazo fundi mwenye haraka hazitoi.

Linachemsha wapi?

Fundi wa Wanyange alituambia kwamba anachotaka kujua kwanza ni gari linachemsha likiwa wapi. Nimeuliza wengine tangu siku ile na wanakubaliana naye. Likipanda joto kwenye foleni na kushuka ukianza kutembea, mtuhumiwa ni feni, kwa sababu barabarani upepo unaifanyia kazi yake. Likiwa sawa kwenye foleni na kuchemsha kwenye mlima wa Mai Mahiu au ule wa Timboroa, tazama rejeta iliyoziba, pampu, au themostati. Hita ikipuliza hewa baridi huku injini ikiwa moto, maji yameisha au hayazunguki: simama hapo hapo. Na mipira ya rejeta ikiwa migumu kwa presha asubuhi, gari likiwa ndio kwanza limewashwa, gesi ya injini inaingia kwenye maji; gasketi ya hedi imekwisha, na hakuna tangi jipya litakalokuokoa.

Joto likipanda barabarani, zima kiyoyozi, fungua hita yote hata kama utatoka jasho, tafuta pa kusimama, zima injini. Usifungue kifuniko. Maji yale yako juu ya kiwango cha kuchemka na yatakurukia usoni. Usimwagie injini maji baridi ikiwa ya moto. Subiri. Sisi tungesimama Kakira tungelala njiani usiku mmoja na kuondoka na tangi jipya. Hedi za injini hizi ni za alumini, na kwenye M54 hata blogu ni ya alumini. Likizidi joto, nyuzi za bolti za hedi hung'oka pamoja na bolti. Hapo kusawazisha hedi kwa mashine peke yake hakutoshi.

Anayenunua atazame nini

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, tangu sheria ya 2018, imeweka mwisho wa miaka 15 tangu gari litengenezwe. Maana yake ni kwamba gari la Kijerumani linaloshuka Mombasa likielekea Jinja au Mbale linaweza kuwa na miaka 12 na plastiki zake zote za kiwandani. Muuzaji atakuonyesha kilomita chache, na pengine ni za kweli. Plastiki haihesabu kilomita peke yake, inahesabu na miaka. Gari lililotembea kidogo mjini Tokyo, likipashwa na kupozwa kila siku kwenye msongamano, si lazima liwe na tangi changa.

Ushauri ninaoukubali ni huu: ukilinunua, weka kando pesa za kubadilisha mfumo wote wa maji kabla ya safari ya kwanza ndefu. Tangi, kifuniko, pampu, themostati, mipira, mikanda, na rejeta ikiwa shingo zimebadilika rangi. Kisha urudie kila baada ya kama kilomita 100,000. Kama bei hiyo inavunja hesabu yako, basi gari hilo si lako, chukua Probox. Silisemi kwa kejeli. Spea za Probox zinapatikana Bugiri hata usiku, na biashara ya viatu haijali nembo iliyo mbele ya gari.

Spea zenyewe zina njia yake. Kwa magari haya watu wengi huzitafuta Kirinyaga Road mjini Nairobi au Kisekka mjini Kampala. Jinja na Mbale utapata chache, na mara nyingi zisizo na jina. Tangi lisilo na jina linaweza kupasuka kabla ya mwaka. Tafuta ya watengenezaji wanaojulikana, kama Behr kwa rejeta au Pierburg kwa pampu ya umeme ya N52, na ulinganishe namba ya spea na ile iliyo kwenye kifaa cha zamani, maana maboksi ya bandia yanafanana sana na ya kweli.

Ukizileta mwenyewe kutoka ng'ambo ya mpaka, usidhani cheti rahisi cha asili ya bidhaa kitakusaidia. Cheti hicho, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pampu iliyotengenezwa Ujerumani haigeuki kuwa ya Jumuiya kwa kupitia duka la Nairobi. Beba risiti, itangaze, ulipe kinachostahili.

Dada wa Mbale alijifunza hilo wiki iliyofuata. Gasketi ya gari lake ilitumwa kwa basi kutoka Nairobi, risiti ikasahaulika dukani, na kifurushi kikalala mpakani siku nne. Wakati huo alikuwa akipeleka viatu Jinja kwa teksi, gunia moja moja, kupitia Tirinyi.

Nilipompigia simu juzi, kifurushi kilikuwa kimefika Wanyange. Ndani mlikuwa na gasketi, bolti mpya za hedi, pampu, themostati, tangi na kifuniko chake. Gari lilikuwa bado juu ya mawe. Mzee amekataa kulifunga hadi aletewe na mpira wa juu wa rejeta, ambao mwenye gari hakuuagiza kwa sababu aliuona bado mzima.